Maswali na majibu: Vasas, mafundi chuma wa Budapest

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa habari za Vasas, timu ya soka ya mafundi chuma wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, ambayo leo hata Wahangari wengi wanaikumbuka kwa kusimuliwa tu. Nilidhani zitakuja barua mbili tatu. Zimefurika, na nyingine zinaonyesha wazi kwamba mwenye kuandika aliishia kwenye kichwa cha habari. Nimechukua zenye kitu ndani, na chache zisizo na kitu ambazo lazima nizijibu hadharani ili zikome. Walioomba jezi: sina duka.

Shikamoo mzee. Jina lenyewe linatamkwaje? Mtangazaji mmoja kasema "Vasasi", mwingine "Veizas". (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Tamka Vashash. Kwa Wahangari herufi s ni sh yetu, na wakitaka s ya kwetu wanaandika sz. Ndiyo maana wenyewe husema Budapesht, na mwanasoka wao maarufu Puskás ni Pushkash. Vas ni chuma. Vasas ni mtu wa chuma, fundi chuma. Mtangazaji anayesema Veizas mwache, ana mengi ya kujifunza kabla ya hilo.

Unasema ni klabu ya wafanyakazi. Mbona klabu zote za zamani zilianzishwa na wafanyakazi? Hapo cha pekee ni nini? (Msomaji, Morogoro)

Si zote, na hili ndilo jambo ninalopenda kubishania, kwa hiyo nivumilie.

Kuna timu ya mtaa, kuna timu ya kiwanda, na kuna timu ya chama cha wafanyakazi. Ukiziangalia uwanjani zote tatu zina watoto wa maskini. Ila uliza ufunguo wa stoo ya mipira anao nani, utapata majibu matatu.

Chukua Csepel, kisiwa cha viwanda kusini mwa Budapest. Timu yake ilichukua ubingwa wa 1942 na 1943 ikiitwa kwa jina la mwenye kiwanda, Weiss Manfréd. Wachezaji wa watu, jina la tajiri. Diósgyőr, kule Miskolc, ilizaliwa 1910 kwenye moshi wa kiwanda cha chuma cha serikali. Mashabiki wake ni watu wa roho ngumu na nawavulia kofia, lakini tanuri lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe akikohoa timu inapata mafua.

Vasas ilianzishwa tarehe 16 Machi 1911 na chama cha wafanyakazi wa chuma. Haikuwa ya bosi wa kiwanda fulani. Fundi wa kiwanda hiki na fundi wa kiwanda kile, ambao mabosi wao wanagombania zabuni moja, walikutana chini ya chama kimoja, na pesa ya kuanzia ni ya watu wanaokatwa ada kwenye mishahara yao midogo. Ukumbuke ni miaka gani hiyo. Hungaria iko ndani ya dola ya Austria-Hungaria, na mfanyakazi wa kawaida hana kura. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 23 Mei 1912, wafanyakazi wa Budapest waliandamana kudai haki ya kupiga kura na siku ikaishia kwa risasi. Wahangari wanaiita Alhamisi Nyekundu ya Damu. Kwenye mji wa namna hiyo, chama cha mafundi kuanzisha timu ya mpira si burudani ya Jumapili tu. Ni namna ya kukutana bila kuomba kibali kwa bosi.

Mtaa wao ni Angyalföld, wilaya ya 13, upande wa kaskazini wa Pest karibu na mto Danube. Jina hilo maana yake ni ardhi ya malaika. Malaika wenyewe walikuwa na grisi mikononi: karakana za mashine za Láng, kiwanda cha meli cha Ganz-Danubius, na vingine vingi. Budapest nzima ilipajua kwa jina la Angyalföld Nyekundu, na rangi hiyo haikutokana na jezi, ilitokana na siasa za wafanyakazi. Jezi ni nyekundu na bluu.

Kaka, Puskás aliichezea Vasas miaka gani? (Wasomaji wanne, miji minne)

Hakuichezea. Puskás ni Kispest, timu iliyokabidhiwa jeshi mwaka 1949 ikawa Honvéd, kisha akaenda Real Madrid. Tafadhali, si kila Mhangari aliyepiga mpira alikuwa kila mahali.

Mkitaka jina kubwa lililopita Vasas, ni László Kubala. Alipita kweli, kama upepo: aliingia 1948, na Januari 1949 akatoroka nchi. Baadaye akawa mfalme wa Barcelona na akachezea timu za taifa tatu: Czechoslovakia, Hungaria na Hispania. Akademia ya vijana ya Vasas leo ina jina lake. Kukaa kwake ni kama ugeni wa harusi, lakini jina wamelishika, na mimi siwalaumu.

Mimi najua timu ya walalahoi Budapest ni Ferencváros. Mbona unaibeba Vasas? (Msomaji, Mombasa)

Ndugu yangu, hatupingani sana. Ferencváros ilizaliwa 1899 kwenye wilaya ya 9, mtaa wa vinu vya unga na machinjio, na watu wake hawakuwa mabwanyenye. Ina mataji ya ligi zaidi ya 30. Ina umma. Ukipanda teksi Budapest, dereva akivaa skafu, uwezekano mkubwa ni ya kijani na nyeupe.

Ila hapo ndipo ilipo tofauti niliyoisema juu. Ferencváros ni timu ya mtaa iliyokua ikawa timu ya taifa, na timu ya taifa kila mtu huidai: fundi, mchuuzi, waziri, tajiri. Vasas ilibaki ya watu wa kazi moja. Ndiyo sababu Ferencváros ikitetereka kuna wa kuikimbilia kila upande, na Vasas ikitetereka wanabaki wazee wa Angyalföld na wajukuu zao. Ukubwa wa timu unaupima kwa mataji, sikatai. Lakini usiniambie timu yenye wapenzi nchi nzima ndiyo ya wafanyakazi kwa sababu tu wafanyakazi nao ni wengi.

Nimekuta matokeo ya miaka ya 1950 na 1960 yana Csepeli Vasas, Győri Vasas, Diósgyőri Vasas. Ni timu moja au matawi? (Msomaji, Bujumbura)

Hili ni swali la mtu aliyesoma. Asante.

Wakomunisti waliposhika nchi, waligawa klabu kama mtu anavyogawa kuku wa karamu. Jeshi likapewa Kispest, polisi wakapewa Újpest iliyogeuzwa kuwa Dózsa, polisi wa siri wakapewa MTK, na Ferencváros ikasukumwa kwa chama cha wafanyakazi wa vyakula na kubadilishwa jina hadi rangi. Timu zilizokuwa kwenye viwanda vya chuma na mashine zikabandikwa neno Vasas mbele au nyuma ya jina, kwa kuwa ziliwekwa chini ya chama cha mafundi chuma. Kwa hiyo Csepeli Vasas ni Csepel, Diósgyőri Vasas ni Diósgyőr, na Győri Vasas ETO ni timu ya kiwanda cha mabehewa cha Győr, ile iliyofika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya msimu wa 1964–65 na kutolewa na Benfica. Zilikuwa klabu mbalimbali zilizobebeshwa kibandiko kimoja.

Mara nyingi naona watu mitandaoni wanajumlisha mataji ya hao wote na kuyaweka kwa Vasas ya Budapest. Vasas yenyewe ina ubingwa mara sita: 1957, 1961, 1962, 1965, 1966 na 1977. Ukiona mtu kaandika saba au tisa, mwambie arudi kuhesabu.

Hivi Vasas ndiyo ile ya Bucharest iliyochukua Kombe la Ulaya? (Msomaji, hakutaja anakotoka, na amefanya vizuri)

Bucharest ni Romania. Budapest ni Hungaria. Iliyochukua kombe ni Steaua, mwaka 1986. Kuna wachezaji na wanamuziki wamewahi kushuka kwenye mji mmoja wakasalimia kwa jina la mwingine, kwa hiyo hauko peke yako, lakini wao walikuwa na uchovu wa ndege.

Kama unataka kinachoiunganisha miji hiyo miwili na Vasas, nitakupa viwili. Béla Guttmann, ambaye baadaye alikuwa kocha wa Benfica ya Eusébio, aliifundisha Vasas mwaka 1945 kisha akahamia timu ya Bucharest. Na Béla Várady, mshambuliaji wa Vasas, alifunga mabao 36 msimu wa 1976–77, idadi ambayo miaka mingine ingempa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya bila ubishi. Akapata cha fedha. Aliyemzidi ni Dudu Georgescu, aliyefunga 47 akiwa na Dinamo. Dinamo ya wapi? Ya Bucharest. Sasa hutasahau tena.

Uliandika Vasas iliifunga Real Madrid ya Di Stéfano. Si ni kwa sababu Real walikuwa wameshafuzu? Na Vasas walifika huko kwa sababu wachezaji wakubwa wa Honvéd walikuwa wamekimbia nchi. (Msomaji, Nairobi)

Umeuliza mawili na yote mawili yana ukweli nusu. Nusu ya ukweli ndiyo inayonisumbua kuliko uongo mzima.

Tuanze na la pili. Oktoba 1956 Wahangari waliasi, mizinga ya Kisovieti ikaingia Budapest, ligi ikasimama. Honvéd ilikuwa nje ya nchi, na Puskás, Kocsis na Czibor hawakurudi. Ligi iliyofuata ilikuwa fupi, ya majira ya kuchipua ya 1957, na Vasas ikaibeba chini ya kocha Lajos Baróti. Ni kweli kwamba pengo lilikuwepo. Lakini pengo lilikuwa la wote! MTK walikuwepo, Ferencváros walikuwepo, Csepel walikuwepo. Mlango ukiachwa wazi, bado anapita anayejua kutembea.

Kisha Ulaya. Msimu wa 1957–58 walianza na CDNA ya Sofia: wakafungwa 2-1 ugenini, wakarudi nyumbani wakawapiga 6-1. Wakawatoa Young Boys ya Uswisi. Robo fainali wakaenda Amsterdam kucheza na Ajax, sare ya 2-2, na Budapest wakawafunga 4-0. Najua Ajax ya siku hizo haikuwa bado Ajax ya Cruyff, usiniandikie kunikumbusha. Nusu fainali, Madrid, wakakutana na Di Stéfano, Kopa na Gento, wakala nne bila. Marudiano Budapest, Vasas 2, Real 0.

Ndiyo, Real walikuja na akiba ya mabao manne. Ila akiba haimzuii mtu kufunga. Real wangetaka kushinda wangeweza kujaribu, na bingwa wa Ulaya huwa hapendi kufungwa, hata kwenye mechi ya hisani. Mafundi chuma walishinda mchezo na kutoka kwenye mashindano, na Real wakaenda kuchukua kombe mbele ya Milan. Hakuna niliposema Vasas ilikuwa bora kuliko Real. Nilisema iliifunga, na hilo liko kwenye vitabu.

Ni kweli yule mtawala wa kikomunisti, Kádár, alikuwa Vasas damu? Basi mataji yote ni ya kubebwa. (Msomaji, Dodoma)

Ni kweli alikuwa Vasas. János Kádár alijifunza ufundi wa taipureta ujanani, na timu ya mafundi ilikuwa timu yake. Na nikusaidie hoja yako kabla sijaivunja: mataji yote sita ya Vasas yalipatikana yeye akiwa madarakani, kati ya 1956 na 1988. Umefurahi?

Sasa tazama upande wa pili wa karatasi. Ndani ya muda huohuo, Újpesti Dózsa, timu ya polisi, ilichukua ubingwa mara saba mfululizo, kuanzia 1969 hadi 1975. Ferencváros, timu ambayo utawala ule uliwahi kuinyang'anya hata jina, ilichukua mataji yake. Honvéd ya jeshi ikatawala miaka ya 1980. Na baada ya 1977 Kádár alikaa madarakani miaka 11 zaidi, Vasas haikuonja ubingwa hata mmoja. Iliambulia Kombe la Hungaria 1981 na 1986, na Kombe la Mitropa, la klabu za Ulaya ya Kati, 1983. Kama huko ndiko kubebwa, basi aliyebeba alikuwa na mikono dhaifu.

Ukitaka kuniuliza kama mkubwa kuketi jukwaani hakumtii refa woga, sitakuambia hapana. Refa ni mtu, ana watoto. Ila nakuonya juu ya tabia hii ya kufuta timu nzima kwa sababu ya shabiki mmoja mwenye ving'ora. Timu ya 1966 ilimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja. Mwaka huohuo ikaifunga Sporting ya Lisbon 5-0 Budapest na 2-0 kwao Ureno. Lisbon hapakuwa na Kádár. Walitolewa na Inter iliyokuwa ikimilikiwa na Moratti mkubwa, na nadhani tunajua wote kwamba naye hakuwa maskini.

Mchezaji wako bora wa Vasas? Mmoja tu. (Msomaji, Zanzibar)

Kálmán Mészöly, beki wa kati. Walimwita Jabali la Kimanjano kwa nywele zake.

Umesema mmoja, lakini János Farkas siwezi kumwacha nje ya mlango. Goodison Park, Liverpool, tarehe 15 Julai 1966, Kombe la Dunia, Hungaria na Brazil. Pelé hakucheza, alikuwa majeruhi. Mchezo uko 1-1. Mhangari mwenzake Bene anakimbia upande wa kulia, anapiga krosi ya chini kidogo, na Farkas anaikuta ikiwa bado hewani, anaipiga bila kuituliza. Ukiipata video, itazame mara mbili: mara ya kwanza utaangalia mpira, ya pili angalia jinsi kipa anavyochelewa. Mészöly akaongeza la tatu kwa penalti, kisha akaumia bega na akabaki uwanjani mkono ukiwa umefungwa, kwa sababu wakati huo hakukuwa na kubadilisha wachezaji. Brazil walikuwa hawajafungwa kwenye Kombe la Dunia tangu 1954, na waliowafunga 1954 ni haohao Wahangari. Kocha wa Hungaria siku hiyo ni Lajos Baróti, yuleyule wa ubingwa wa 1957.

Sasa mtu asiniandikie kuuliza kwa nini Farkas hakuuzwa Ulaya Magharibi. Hungaria ya 1966 mchezaji alikuwa hauzwi. Alikuwa hatoki.

Vasas wanacheza wikendi. Nipe moja ya uhakika niweke kwenye mkeka. (Wasomaji wengi mno)

Hapana.

Na kwa kuwa mmezidi, nitaongeza. Kihangari kina neno bunda. Maana yake ya kawaida ni koti la manyoya. Maana yake ya mpira ni mechi iliyopangwa. Lugha haitengenezi neno la namna hiyo kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hungaria ilitikiswa na kashfa ya totó, mchezo wao wa kubashiri matokeo: wapangaji, wachezaji na marefa walikuwa wakikubaliana matokeo ili karatasi ya mtu fulani itoke sawa. Uhakika ulikuwepo, tena mkubwa, ila ulikuwa kwenye mfuko wa wengine. Wewe unayeketi Buza au Kawangware, unaweka hela ya umeme kwenye ligi ambayo hujui hata jina la kipa, unafikiri wewe ndiye uliyeona wasichokiona wenye mashine? Barua nyingine ya mkeka sitaifungua.

Mzee, hadithi hii inanikumbusha Pamba yetu hapa Mwanza. Kwa nini timu za viwanda zinakufa? Na Vasas wamekufa au wanapumua? (Msomaji, Mwanza)

Wanapumua. Lakini ni pumzi za mgonjwa anayepanda ngazi.

Tazama wanavyopanda na kushuka: walishuka daraja 2012, wakapanda 2015, wakamaliza nafasi ya tatu 2017 hadi wenyewe wakashangaa, wakashuka 2018, wakapanda 2022, wakashuka 2023. Ndoo ya kisima haisafiri kiasi hicho. Mwaka huo wa 2023 walishuka pamoja na Honvéd. Timu ya mafundi chuma na timu ya Puskás, mlango mmoja, siku za msimu uleule.

Sababu si fumbo. Ukienda Angyalföld leo, barabara ya Váci út ambayo zamani ilipangana viwanda imepangana maofisi ya vioo na maghorofa ya kupangisha. Baada ya 1990 viwanda vya serikali vilifungwa au viliuzwa vipandevipande. Kiwanda kikifungwa hakiondoi mashine tu. Kinaondoa zamu ya saa nane mchana ambayo watu walitoka pamoja, kinaondoa baa waliyopitia, kinaondoa makato ya ada ambayo mtu alikuwa hata hayaoni. Chama cha wafanyakazi bila wafanyakazi ni mhuri tu.

Na hao wa Budapest wana afadhali, mji mkuu haufi. Waangalie wa mikoani. Tatabánya, timu ya wachimba makaa ya mawe, iliifunga Real Madrid 2-1 mwaka 1981 na ikatolewa kwa bao la ugenini tu. Diósgyőr waliwatoa Dundee United ya Scotland msimu wa 1979–80, wakishinda nyumbani na ugenini. Ózd na Salgótarján walicheza ligi kuu. Leo migodi imefungwa na matanuri yamezimwa, na Diósgyőr pekee ndiyo bado ina umma wa kujaza jukwaa.

Pesa zipo Hungaria, usidanganyike. Tangu 2011 kuna mpango wa kodi unaoruhusu kampuni kupeleka sehemu ya kodi yake kwenye klabu za michezo badala ya hazina. Kwenye karatasi ni sheria moja kwa wote. Kiutendaji, kampuni inapochagua pa kupeleka, inajua mkubwa anaangalia wapi. Ndiyo maana Felcsút, kijiji cha watu wasiofika 2,000 alikokulia Viktor Orbán, waziri mkuu wa wakati huo, kilipata mwaka 2014 uwanja wa watu karibu 3,800, wenye dari la mbao unaloweza kulitazama hadi ukasahau mchezo. Timu yake inaitwa Puskás Akadémia, ingawa Puskás na kijiji hicho hawakuwa na undugu. Vasas nao hawakuachwa mikono mitupu, niwe mkweli: uwanja wao wa Fáy utca, wenye jina la Rudolf Illovszky, kocha aliyewapa mataji manne, ulivunjwa na kujengwa upya, ukafunguliwa 2019 ukiwa na viti 5,154. Ni mzuri. Ni wa watu ambao hawakuulizwa waulipe, na kwa hiyo hawataulizwa siku ukichukuliwa.

Sasa Pamba. Pamba ilikuwa timu ya zao la pamba, zao likayumba, timu ikazama, na imerudi ikiwa chini ya halmashauri ya jiji. Nimefurahi kuiona, lakini najiuliza swali lilelile: siku madiwani wakibadilika na vipaumbele vikabadilika, ufunguo wa stoo anao nani? Tumekaa miaka kadhaa tukigombania umiliki wa klabu, asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji, na wengi wanaogombana hawajalipa ada ya uanachama tangu kadi yao ilipochapwa. Nimekaa kwenye tawi la klabu moja kubwa, sitaitaja, mkutano wa kumwaga sumu juu ya tajiri ulijaa hadi dirishani, na daftari la ada la mwaka huo lilikuwa na majina yasiyojaza ukurasa. Mafundi wa 1911 walikuwa maskini kuliko sisi sote pale, na walilipa kwanza ndipo wakagombana.

Vasas ni mpira tu? (Msomaji, Arusha)

Ni michezo mingi. Timu ya wanawake ya mpira wa mikono ilichukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya 1982, jambo ambalo wanaume wa soka hawajalifanya. Nashangaa nimepata swali moja tu la hivi na barua arobaini za mkeka.

Nasoma Debrecen, kwetu Kisumu. Mwezi ujao nitakuwa Budapest. Niende Fáy utca au nipoteze muda wangu Ferencváros? (Msomaji, Debrecen)

Hapo umenisifu na kunitukana kwa pamoja. Nenda Fáy utca. Panda metro ya M3, ile ya bluu, uelekeo wa kaskazini, shuka Forgách utca, halafu tembea ukifuata wazee wenye skafu za nyekundu na bluu. Usivae kijani na nyeupe, wala zambarau ya Újpest, hata kama ndiyo sweta pekee uliyonayo. Kununua tiketi hakutakupa shida, na hilo halinifurahishi.

Nunua szotyi, mbegu za alizeti za kubangua, ndizo karanga za viwanja vyao. Mara ya kwanza utatafuna ganda, kila mtu hutafuna, jirani yako atacheka na hapo mtakuwa mmeshaanza mazungumzo. Ukikaa na mzee, mwulize juu ya 1966, na uwe na muda. Kabla ya mechi tembea kidogo Váci út, ujionee maofisi niliyoyasema.

Na skafu ukiniletea nitaipokea. Nilisema sina duka, sikusema sitaki.